Runinga za Chogo

Tulianza na daftari na deni.
Ukumbi wa wazimamoto wa kujitolea, Punta Arenas, mtaa wa juu,
tulipewa bure kwa sharti moja:
king'ora kikilia, njia ya gari iwe wazi,
hata kama mtu yuko kwenye pigo la mwisho.
Nikatia sahihi bila kusoma mara mbili.

Gemu letu ni la kale, halivumilii skrini bapa;
humo ukibonyeza leo, ngumi inafika kesho.
Linataka runinga za chogo, zile nzito
ambazo watu walizihamisha sebuleni kwa aibu.
Basi nikabisha hodi nyumba kwa nyumba,
upepo umenikaba kola kama askari anayedai kitambulisho.
Mwoka mikate alitoa moja, imejaa unga hadi kwenye spika.
Fundi viatu mbili, moja ikionyesha dunia nzima kijani.
Bi Zdenka aliitazama yake kitambo,
akaipangusa kwa aproni.
"Ivo alifia mbele ya hii, timu yake inaongoza.
Ichukueni. Ila msipunguze sauti.
Hakuwa mtu wa kunong'onezwa."

Zikatimia kumi na moja.
Tukaziandika chaki mgongoni, majina ya wenyewe,
kama kondoo wa mnadani.

Kiingilio peso elfu mbili, au kuni, au mkate.
Zawadi: nusu ya makusanyo
na mwanakondoo mzima aliyechunwa,
amelala kwenye friji ya wazimamoto, kwato zinachungulia.

Wakaja thelathini na wanane.
Kijana mmoja alivuka kwa feri kutoka Porvenir,
kidhibiti chake kifuani, ndani ya soksi ya sufu.
Wanaosema michezo hii ni ya wapweke
wangeusikia ukumbi ule pale Millaray,
fundi magari, miaka kumi na tisa, grisi kuchani,
alipomdaka mtu hewani mara nne
asimpe nafasi ya kuiona ardhi.

Fainali: Millaray na Yerko.
Mbili kwa mbili.
King'ora.

Yerko hakutazama alama.
Alikiweka kidhibiti kitini polepole, kama anayelaza mtoto,
akazama kwenye buti zake.
Gari likapita katikati yetu, tumebana kuta,
nyaya tumezinyanyua juu ya vichwa.

Kanuni ya saba niliiandika mimi:
asiyekuwapo dakika kumi amejitoa.
Dakika ya tisa nikamtazama Millaray.
"Saa yako imeharibika," akasema.
Nikaiangalia. Nzima kabisa, inatembea.
"Kweli," nikasema. "Imeharibika."

Tukangoja saa mbili na nusu.
Bi Zdenka akaja na sufuria ya supu,
akaketi mbele ya runinga ya marehemu,
kijana wa Porvenir akamfundisha kuruka.
Alipigwa vibaya. Akalaumu kidhibiti,
nasi tukajua kwamba sasa ni mwenzetu.

Yerko akarudi ananuka moshi na sufu iliyoungua.
Ghala, alisema. Watu wazima wote.
Mikono ilikuwa bado inamtetemeka.
"Kanawe," Millaray akamwambia, "halafu unywe kitu cha moto."
Akanawa. Akanywa. Akaketi.
Naye Millaray akamtwanga kwa sekunde arobaini,
bila kumwachia hata chembe,
na Yerko akacheka hadi akakohoa masizi.

Kesho yake nikarudisha runinga kwa mkokoteni,
moja moja, nikifuta chaki kwenye kila mlango.
Deni lililobaki, peso elfu kumi na nne, ni langu.
Kwa Bi Zdenka nikainua kitambaa, akanishika mkono.
"Jina liache. Mwaka ujao na mimi niandike.
Na kile kidhibiti kibovu
mpe mwingine."